Niko, Nyuma ya Dirisha

Akilimali aliinua ile karata juu, akaielekeza kwenye jua kama mtu anayechunguza noti ya bandia, akafumba jicho moja.

“Maman Elikia, hii njo nini?”

“Karata ya mpiga kura.”

“Na umekuya hapa kufanya nini?”

“Kupiga kura.”

“Basi haiwezekani.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye mstari walicheka, kisha wakanyamaza, maana Akilimali mwenyewe hakucheka. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kamembe, upande wa Rwanda, ambaye siku nyingine hutania hata mbuzi wa jirani. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekabidhiwa mlango wa ukumbi na amri moja: haingii muntu bila indangamuntu, yaani kitambulisho cha Rwanda. Karata za ng'ambo ya daraja zibaki ng'ambo ya daraja.

Jina la Maman Elikia kwenye karata ni Antoinette Muhigirwa, ingawa hakuna anayemwita hivyo isipokuwa askari na daktari, na alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo. Kule karata ya mpiga kura ndiyo inayokusajilia simu na kukuombea njia kwa wanajeshi. Miaka yote amevuka nayo daraja akiwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge, beseni la sambaza kichwani, na maji ya samaki yamefanya kazi yake. Sura yake kwenye picha imebaki kama moshi wenye masikio.

“Na huyu kwenye picha ni nani?” Akilimali aliuliza.

“Ni miye.”

“Huyu anafanana na muntu yeyote.”

“Basi ingiza muntu yeyote!”

Safari hii hata yeye midomo ilimcheza. Lakini mkono wake haukutoka mlangoni.

Umoja wa Wachuuzi wa Daraja una pande mbili, na hakuna aliyewahi kujiandikisha upande wowote. Meza ni wale wenye meza zao sokoni Kamembe, wenye kivuli na kiti cha kumkaribisha mteja. Beseni ni wale wanaobeba, wanaovuka asubuhi na kurudi jioni, na wengi wao ni wa Bukavu. Statuti, yaani katiba ya Umoja, inasema wote ni wanachama sawa. Kwa miaka mingi waliishi hivyo, wakisengenyana kwa amani.

Kisha likajengwa banda. Banda la wanachama, karibu kabisa na mpaka, lenye paa la bati na bomba la maji. Nafasi zilipigiwa kura ya bahati, na Antoinette alichomoa karatasi ya kando ya bomba. Mtu asiyewahi kuuza sambaza juani hawezi kuelewa. Sambaza ni samaki wadogo wasio na subira. Jua likifika utosini, wanaanza kukuaibisha mbele za watu. Amekwisha kumwaga mabeseni mangapi mtoni, hataki kukumbuka. Kando ya bomba! Usiku ule alimwimbia binti yake Elikia wimbo usio na maneno.

Mwenyekiti, Mzee Ntabaza, muuza viatu na masanduku, ndipo alipoleta pendekezo lake. Kwanza, kura ni kwa indangamuntu tu. Pili, asiyepiga kura si mwanachama kamili. Na kwa kuwa banda ni la wanachama kamili, mengine kila mtu aliyamalizia mwenyewe kichwani. Nafasi ya bomba ingerudi kwenye kapu, na kapu lingeshikwa na Meza.

Ujanja ulikuwa pale mlangoni. Pendekezo lilikuwa halijapitishwa bado. Kikao cha siku hiyo ndicho kilichoitwa kulipitisha. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kulitumia mlangoni, kwa jina la “utaratibu wa muda”, na kazi yake ya kwanza ikawa kuwazuia wale ambao wangelikataa.

“Mutoto hajazaliwa, banamuita askari!” alisema Patricie.

Patricie ni Beseni pia, lakini wa Rusizi, upande huu wa daraja, na indangamuntu yake inang'aa kama sahani mpya. Angeweza kuingia. Alisimama nje, mikono kiunoni, na Beseni wenzake wenye vitambulisho walisimama naye. Mpango wao ulikuwa rahisi. Ili kikao kifunguliwe, lazima nusu ya wanachama wawepo. Hiyo ndiyo korumu. Ndani kulikuwa na Meza peke yao, na hawakufika nusu; Beseni wengi wa Bukavu hawakuja kabisa, waliposikia habari ya mlango. Wakibaki nje, hakuna kikao, hakuna sheria.

“Na wakiita kikao cha pili?” Antoinette aliuliza kwa sauti ya chini.

Statuti inasema kikao cha pili hakihitaji korumu. Hata watu watatu na mbwa wanaweza kupitisha neno. “Lakini cha pili kinangojea majuma mawili,” alisema Patricie. “Banda linafunguliwa Jumatatu. Ukishaketi kando ya bomba, nani atakuinua? Mzee anajua. Anataka leo.”

“Na kama bamoja betu bakiingia?”

Hapo Patricie aligeuka kuwatazama wenzake, mmoja mmoja. Jua lilikuwa linapanda. Mmoja alisema mtoto wake ana homa, kwamba angeingia, asikilize tu, aketi nyuma. Mwingine alisema Mzee Ntabaza amemwahidi nafasi nzuri, halafu akafunika mdomo, kwa kuwa hakuwa amepanga kulisema hilo. Antoinette alizunguka, akaenda kusimama ukutani kwenye dirisha, ili asiwaone wakiamua. Dirisha halikuwa na kioo. Lilikuwa na nondo tu, kazi ya mkono wa Akilimali mwenyewe, nondo nene za kuzuia mwizi. Sauti hazikuwa zimefikiriwa.

Ndani, Mzee Ntabaza alikuwa amesimama.

“Mimi sina chuki na muntu,” alikuwa akiwaambia watu wake. Alikuwa na sauti nzuri ya kanisani. “Lakini mwaka jana muntu mumoja alipanga mustari ya kura mara mbili! Alibadilisha kitambaa ya kichwa, akarudi. Tutaendelea hivyo? Umoja bila kujua nani ni nani?”

Watu walipiga makofi, na wengi walijikaza wasimtazame Maman Benite, aliyeketi mstari wa mbele. Alikuwa mwanamke wa Meza, muuza unga, na kitambaa chenyewe alikuwa amekivaa siku hiyo.

Mzee alitazama saa yake. Ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa harusi mchana ule. Tayari vijana wawili walikuwa wameshusha viti vyeupe na maua ya plastiki uani. “Sekretere, ita majina.”

Sekretere alikuwa Iradukunda, msichana aliyesoma uhasibu na aliyependa mambo yafanywe kama yalivyoandikwa. Kwa kuwa sheria mpya ilikuwa ya vitambulisho, aliita majina ya kwenye vitambulisho.

“Uwimbabazi Védastine.”

Kimya.

“Uwimbabazi Védastine!”

“Huyo hayuko,” alisema Maman Benite, akijipepea. “Bale ba beseni banazoea kuchelewa.”

Jirani yake alimtia kiwiko. “Si ni weye!”

“Miye?” Alifikiri kidogo. “Aka! Ni miye. Niko, niko!”

Ukumbi ukalipuka. Iradukunda aliendelea, uso umemwiva, na kila jina la pili lilianguka sakafuni bila kuokotwa. Sokoni mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mwanamume kwa bidhaa yake, na hayo majina marefu ya vitambulisho huonekana siku ya harusi na siku ya msiba. Aliyeitwa alimtazama jirani, jirani akamtazama mwingine. Hata waliokuwemo walionekana hawamo. Nje, vijana wa harusi walianza kupiga hodi.

“Leta hapa,” Mzee Ntabaza alisema, akamnyang'anya karatasi. “Hivi utaita mpaka Noeli. Maman Benite!”

“Niko!”

“Papa Sukari!”

“Niko!”

Sasa ilikwenda kama maji. Mzee aliijua ile orodha ya wanachama wote, Meza na Beseni, kama alivyojua saizi za viatu vya wateja wake. Alisoma jina refu kwa jicho na kuita jina la kweli kwa mdomo, na kalamu yake ikatia alama bila kuinuka. Alikuwa na haraka, na alikuwa na raha, kwa kuwa kuita watu wake kulimfurahisha.

“Maman Elikia!”

“Niko,” alijibu Antoinette.

Hakukusudia hila yoyote. Ukiitwa, unaitika. Alama ikatiwa.

Patricie, aliyekuwa bado anabishana na yule mwenye mtoto mgonjwa, alinyamaza katikati ya neno. Alikuja mbio hadi dirishani. Wengine walimfuata, na kila Mzee alipoita, kutoka nyuma ya nondo ikatoka “Niko!”, moja nyembamba, moja ya kukwaruza, moja ya kicheko kilichobanwa. Kalamu ilikwenda tu. Iradukunda aligeuka akalitazama dirisha.

“Korumu imetimia,” Mzee Ntabaza alitangaza, na akapiga meza kwa kiganja. “Kikao kimefunguliwa!”

Makofi. Kisha Patricie alimpita Akilimali, akamwonyesha indangamuntu bila kumtazama, akasimama mlangoni kwa ndani.

“Mzee prezida. Maman Elikia yuko?”

“Yuko wapi?”

“Ninakuuliza weye. Umemutilia alama.”

Mzee aliitazama karatasi, halafu viti, halafu dirisha. Kule kwenye nondo nyuso zilikuwa zimepangwa kama nanasi kwenye meza. Iliwachukua watu wa Meza muda kuelewa. Akiwafuta wale, korumu inavunjika na kikao kinakufa, na Jumatatu banda linafunguliwa kama lilivyo. Asipowafuta, wako.

“Bako kwa kuhesabiwa,” alisema polepole. “Hawako kwa kura.”

“Mzee,” Iradukunda alisema, ingawa alikuwa upande wake. “Statuti inasema sheria inapita kwa theluthi mbili ya walioko. Haisemi walioko aina mbili.”

“Nyamaza kwanza!”

Mtu wa Meza alisimama, akapiga kelele kwamba ni hila, kwamba wavunje tu. Mwingine akamvuta shati aketi: wakivunja wamepoteza. Kiti kilianguka. Akilimali aliingia hatua mbili, mikono yake mikubwa ikiwa haijui imshike nani.

“Papa Ntabaza,” Antoinette aliita kutoka dirishani. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. “Usikasirike. Niulize kitu kimoja tu. Haukuniona. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Umejua namna gani kama ni miye?”

Mzee angeweza kusema chochote. Lakini alikuwa mtu wa soko kabla ya kuwa mwenyekiti, na swali la soko hujibiwa.

“Kwa sauti,” alisema.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. “Akilimali. Ingiza batu.”

Kura yao si ya karatasi. Mnapanga mstari nyuma ya anayebeba wazo lenu, na kila mtu anaona mgongo wa kila mtu. Wanaotaka sheria, nyuma ya Mzee, upande wa jukwaa. Wasioitaka, nyuma ya Patricie, upande wa dirisha. Antoinette alisimama nyuma tu ya Patricie, akakaza macho kwenye fundo la kitenge chake. Hakutaka kugeuka. Alisikiliza kandambili. Nyingi zilikuwa zinakwenda upande wa pili, nyingi mno, na moja aliitambua, ya yule aliyeahidiwa nafasi nzuri. Alihesabu kwa masikio mpaka akaona afadhali asihesabu. Maji ya bomba yalikuwa yanamtiririka mbali kichwani.

Kisha mtu akamgusa bega kwa nyuma. Harufu ya unga.

“Sogea mbele kidogo,” alisema Maman Benite. “Usiniangalie hivyo. Sheria inataka jina ya karata, na miye jina yangu mwenyewe haikunijua.”

Nyuma yake walikuja wengine wa Meza, wachache, wakitazama chini, wale walioitwa na Iradukunda bila kujitambua.

Iradukunda alipita akihesabu kwa kugusa mabega, akarudia upya. Alisimama mbele ya jukwaa na kusoma bila kumtazama mtu. Wanaotaka walikuwa zaidi ya nusu. Theluthi mbili hawakufika. Pendekezo limeanguka.

Beseni walipiga vigelegele mpaka vijana wa harusi wakadhani bibi harusi amefika. Antoinette ndipo alipogeuka. Aliona mstari ule mwingine, mrefu kuliko wao, uliojaa watu anaowasalimia kila asubuhi: muuza sabuni, mama wa maharage, mlinzi wa choo. Baadhi waligeuza macho. Alifungua mdomo apige kigelegele, na kikatoka kidogo.

Jumatatu alikuwa kando ya bomba. Sambaza walikuwa wanang'aa, wamemwagiwa maji mara mbili. Mzee Ntabaza alikuja mwenyewe, sahani mkononi, akasimama mbele yake bila salamu ndefu.

“Ile neno nitairudisha mwaka kesho,” alisema. “Usifikiri imekufa.”

“Nimesikia, Papa.”

“Na nitaita majina vizuri.”

“Utaita.”

“Haya, nipimie.”

Antoinette alishika kikombe cha kupimia, akakizamisha, akakiacha pale pale. Alinyoosha mkono mwingine, kiganja juu, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa Akilimali.

“Indangamuntu?”

Mzee alimkodolea macho. Kisha akaangua kicheko, lakini alichelewa kidogo, na Maman Benite aliyekuwa anapita aliona: mkono wa Mzee ulikuwa umekwisha kufika mfukoni.