Mkono Kwanza, Chaki Baadaye

Binti huyu hakuokotwa njiani. Baba wa babu yake alifundisha katika chumba kisicho na dari. Mvua iliponyesha alihamisha madawati, hakuahirisha somo. Babu yake naye alishika chaki mpaka vidole vikakauka kama gome. Hakuna mzazi aliyewahi kumwita mvivu, wala mwanafunzi aliyethubutu kumzoea. Ukoo huo ulikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: mkono kwanza, chaki baadaye. Neno haliandikwi ubaoni kabla wanafunzi hawajalitenda.

Asubuhi ya majaribio, binti aliiona kanuni hiyo imeota kutu. Chuo cha watumishi wa hoteli kilitafuta mwalimu wa Kiingereza, na mkuu wa chuo mwenyewe angekaa nyuma ya darasa kumpima. Akishindwa, angerudi dukani kwa shangazi yake kukata vitambaa.

"Bibie, na vitabu vyote hivyo, unakwenda kufundisha au unahama?" babu alimtania mlangoni.

"Babu, siku hizi watu wanataka maelezo."

"Haya. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua!" Akacheka, akaenda zake.

Kitenzi alichopewa kilikuwa "pick up". Akakiandikia maana zake zote, ubao ukajaa: kuokota, kumpitia mtu kwa gari, kupokea simu, kuidaka lugha kwa kuisikia, biashara kuchangamka. Hati ilipendeza kama ya kadi ya harusi. Darasa likasinzia. Mwanafunzi mmoja, dereva wa hoteli, alipiga miayo hadi taya likalia. Kule nyuma, mkuu wa chuo akatazama saa yake.

"Mwalimu," mhudumu wa vyumba akauliza, "neno moja lina kazi zote hizo? Halina likizo?"

Wakacheka, lakini si kwa wema. Binti alianza kuusikia mkasi wa shangazi masikioni. Ndipo akakumbuka kanuni ya nyumbani. Akashika kifutio, akafuta ubao wote, kisha akaubwaga mkebe wa chaki sakafuni. Chaki zikatawanyika hadi miguuni mwa dereva.

"Pick them up!"

Dereva akaduwaa, akainama, akaokota.

"Unafanya nini?"

"I pick up the chalk!"

"Vizuri! Sasa mgeni yuko uwanja wa ndege. Nenda!"

Dereva akashika usukani wa hewa, akanguruma kati ya madawati, akafunga breki mbele ya mhudumu wa vyumba. "Madam, I pick up you!"

"I pick you up," binti akamrekebisha. "'You' na 'it' hukaa katikati, kama mtoto kati ya wazazi wake."

"Na wewe mpishi," akamgeukia mwanafunzi mwingine, "Kiingereza ulisomea wapi?"

"I picked it up in the kitchen," mpishi akajibu akijipiga kifua, "wageni walipokuwa wakinigombeza!"

Darasa likalipuka kwa makofi. Katikati ya shangwe simu ikalia. Mlangoni palibandikwa amri: simu ni marufuku. Watu wakageuka huku na huku. Mlio ulitoka katika koti la mkuu wa chuo. Naye akajitia kutazama dari. Mpishi akaanza, wote wakamfuata, wamesimama:

"Pick it up, sir! Pick it up!"

Mkuu akachomoka mbio kwenda kuipokea nje. Aliporudi, uso wake haukuwa na mzaha.

"Nani amewafundisha kuniamrisha?"

"Ni mimi, mzee."

"Waliokutangulia walifundisha neno hilihili, na hakuna mwanafunzi aliyetoka nalo hata mlangoni." Akalazimika kutabasamu. "Kesho uje kazini. Na chaki zangu usizivunje tena."

Binti alikimbia njia nzima.

"Vitabu viko wapi?" babu akamuuliza.

"Nimevisahau darasani, Babu! Nimepata kazi!"

Mzee akageukia ukuta, akajifanya anakohoa.

Nanyi vijana mnaoziona kanuni za wazee kuwa ni kutu, zisugueni kwanza mtazame chini yake kuna nini. Msikie, na mshike!