Oili ya Leland

...oili namba thelathini, si ishirini, thelathini, na yenye zinki, mbona wameziweka chini kabisa huku karibu na sakafu, kwani wanaona aibu nazo, inabidi niiname na goti langu hili tangu Januari halitaki kuinama, haya, nimeinama, nimeishika, chupa nyeusi, kwa injini za zamani tu, imeandikwa kwa herufi kubwa, ungelazimika kufumba macho usiione, na mimi Vernon Haskett, miaka thelathini na mitano kwenye kiwanda cha injini hapa hapa Toledo, niliyafumba... chupa sita, Leland mdogo wangu kasema, tano za injini na moja kwa ajili ya filta, usichelewe Vern, watu wote wamekuja, kahawa ipo, donati zipo, imebaki oili tu, nikamjibu nakwenda na kurudi, dakika kumi, na dakika kumi zimekwisha bado nimeganda mbele ya rafu, mdogo wangu ananisubiri na injini yake mpya, silinda nane, gari la mwaka sabini alilolitamani tangu ana miaka kumi na mbili, na injini ya namna ile ikishafungwa upya ukiiwasha mara ya kwanza huiachi ipumzike, unaikimbiza dakika ishirini mfululizo, chuma kipya kwa chuma kipya mpaka vizoeane, na kinachovizuia visitafunane ni hiyo zinki kwenye oili, kidogo tu, lakini oili za siku hizi wameipunguza kwa sababu ya mambo ya moshi, kila mtu anajua, kila mtu isipokuwa mjuaji mmoja aliyesema oili ni oili bwana, msinifundishe injini... lo, maneno yangu yale, nayasikia mpaka leo. Ilikuwa Juni ya mwaka juzi, Kaz Wojtas ndiye aliyeichonga ile injini ya kwanza, Kaz wa mtaa wa Lagrange, fundi ambaye hata watu wa Detroit walikuwa wanamletea vyuma vyao, akaifunga, akaileta mwenyewe kwa gari lake, akaifungia karatasi kwa waya, oili yenye zinki tu, usiweke ya kawaida, itakula kemshafti, akapiga mistari miwili chini yake, na Leland akanipa mimi ile karatasi, kaka, lete oili, na mimi nikaitia mfukoni bila kuisoma, nikashuka chumba cha chini nyumbani kwangu nikachukua chupa sita nilizonunua kwa bei ya kutupa kwa ajili ya pikapu yangu, nikamimina, tukawasha, ikanguruma, tukashangilia kama watoto, na wiki haikuisha ikaanza kugonga... tak tak tak... tulipoifungua kemshafti imelika, ule mtaimbo unaofungua vali, yale matuta yake yamekuwa bapa, chenga za chuma kila mahali, mpaka kwenye beringi.

Na Leland nusura alie, akasema Kaz kaniwekea chuma cha bei rahisi, Kaz kaniibia, na jioni ile nikiwa peke yangu nikaitoa karatasi mfukoni, nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma mara ya pili, nikaichana, Mungu anisamehe, nikaichana vipande vidogo vidogo. Jumamosi iliyofuata kwenye kifungua kinywa chetu cha kila wiki sisi wapenda magari, mayai hayajafika hata mezani, Leland akamwambia Kaz mbele ya watu wote, mzee, mikono yako imekwisha, bora ukae nyumbani, na Kaz akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, nami nikajishughulisha na sukari, nakoroga kahawa ambayo siku zote nainywa bila sukari... "Mzee, umepata unachotafuta?" Nani huyu, ah, binti wa dukani, ana kipini puani, nasema ndiyo, nimepata, asante, anachungulia chupa, "Hiyo ndiyo yenyewe, babu yangu anaweka hiyo hiyo kwenye gari lake la mwaka sitini na nane, ukiweka ya kawaida imekula kwako," anacheka, nami nacheka, imekula kwangu, ndiyo, hata mtoto wa juzi anajua, "Nikuletee kikapu?" hapana binti, nitabeba, anakwenda zake, na sibebi, mkono mmoja chupa, mkono mwingine umeshika rafu. Maana kilichonigandisha si goti. Ni hivi, safari hii kachonga fundi mwingine, wa Detroit, na mimi nikipeleka oili hii nzuri injini itakimbia dakika zake ishirini na itapona, itaishi kuliko sisi, na wote pale gereji watasema mnaona, fundi mpya, injini nzima, basi ni kweli Kaz ndiye aliyeiharibu ile, na hapo yamekwisha, hakuna atakayeuliza tena. Yaani nikifanya vizuri leo ndiyo namzika Kaz kabisa. Na nikichukua ile ya kawaida, ile pale, usawa wa macho, ya bei rahisi, injini itajila tena na watu wataanza kusema, ala, mara mbili, mafundi wawili, hapana, hili si la fundi, na Kaz atakuwa amesafishika bila mimi kufungua mdomo... mkono huu unakwenda wapi, Vernon, rudisha mkono, umechanganyikiwa, uue injini ya mdogo wako kwa mara ya pili ili usiseme sentensi moja.

Sentensi moja tu. Novemba nilikuwa nayo mdomoni, pale posta, foleni ndefu, Kaz akiwa mbele yangu, kakonda, kofia imekuwa kubwa, akageuka, "Vern, wewe ulikuwepo siku ile, hebu niambie ukweli, nilikosea wapi? Nimerudia kila kipimo kwenye daftari langu, sioni. Labda ni macho." Na mimi, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya padri, "Mambo haya hutokea, Kaz," ndivyo nilivyosema, mambo haya hutokea, naye akanishika bega, "Wewe peke yako hukunisema vibaya. Sitakusahau," na Januari akauza mashine yake ya kuchonga, ile ya baba yake, sasa pale karakana yake wanapaka watu rangi za kucha. Alinishukuru. Angenitukana ningelala usingizi. Mtu anakaa jikoni kwake na daftari anatafuta kosa ambalo halipo, anahesabu upya, analaumu macho yake, na kosa liko hapa limesimama na chupa... simu, inatetemeka mfukoni, ni Leland, "Vern! Umekwenda kuichimba hiyo oili ardhini?"

"Nimeipata," nasema, "yenye zinki."

"Sasa njoo bwana, donati zimebaki mbili, na huyu Dutch anazikodolea macho!" na nasikia kicheko, si cha mtu mmoja, cha wengi, viti, vikombe, namuuliza mbona nawasikia wote, anasema, "Nimekuweka kwenye spika, mikono imejaa grisi. Nilikuwa nawaambia hapa, leo tutajua mbivu na mbichi, injini ikipona mtajua ile ya kwanza nani aliiua," na mtu mmoja anasema maskini Kaz, na wanacheka tena, si kwa ubaya, kwa mazoea tu, na mimi, mtu wa miaka sitini na nane, natafuta mlango wa nyuma kama mwizi, nitamwambia baadaye, tukiwa wawili, kwenye gari, au baada ya kuwasha, kwani kuna haraka gani, halafu naye atanifichia, namjua, ni mdogo wangu, atasema yaishie hapa kaka, na yataishia hapo, ilhali Kaz alidhalilishwa mbele ya meza nzima.

"Vern? Upo?"

"Nipo. Sikiliza, Leland, kuna jambo, ile injini ya kwanza..."

"Sikusikii vizuri, wanapiga kelele hawa, ngoja nizime spika."

"Usizime," nasema, na sauti inatoka kubwa mpaka yule binti anageuka kule kwenye kaunta, "iache hivyo hivyo, wanyamazishe, nataka wote wasikie. Kaz hakuharibu kitu. Oili ya kawaida niliileta mimi."