Ushanga wa Chini Kabisa

Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, Bi Sindano alifunga kibanda chake cha cherehani akaenda kuchimba mji wa kale pamoja na watu wa chuo. Hakusomea kazi ile. Wasomi walimvumilia tu kama mgeni asiyealikwa, isipokuwa Profesa, aliyemwambia siku ya kwanza, "Mama, macho kama yako hayafundishwi darasani."

Sifa ile ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa pili, akichekecha udongo wa lundo, aliona ushanga wa kioo, wa buluu, mdogo kama punje ya mtama. Udongo wa lundo umekwisha kuchanganyika, wa juu na wa chini. Hakuna ajuaye kitu kimetoka tabaka gani. Lakini Profesa alipouliza, "Umeutoa wapi?" ulimi ulimteleza. Akaonyesha ukuta wa shimo, chini kabisa, penye udongo mweusi wa kale zaidi.

"Pale. Nimeubandua kwa mkono wangu."

Profesa alimshika mabega mbele ya wanafunzi wote.

Ushanga ule ukazaa kitabu. Profesa aliandika kwamba watu wa mji ule walifanya biashara na ng'ambo miaka mia tatu mapema kuliko ilivyodhaniwa. Akaalikwa huku na kule, akapigiwa makofi. Kwenye ukurasa wa shukrani jina la Bi Sindano lilitangulia yote. Nakala yake aliifunga kwenye kitambaa, asiifungue tena.

Siku aliposikia kwamba Profesa, sasa mstaafu na mgonjwa wa moyo, anatayarisha toleo jipya la kitabu kile, alifunga kibanda mapema. Akaenda.

Alimkuta sebuleni, miguu juu ya stuli, karatasi mapajani. Binti yake alimvutia mgeni kiti, akarudi jikoni.

"Pole na kuumwa, Profesa."

"Nishapoa. Umekuja kunizika au kunifukua?"

Bi Sindano hakucheka. "Ule ushanga sikuutoa ukutani. Niliuokota kwenye chekeche."

"Udongo wa lundo?"

"Wa lundo."

Profesa alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Nilitaka unisifu."

Jikoni sufuria iligongana na sinia. Profesa akageuza uso kuelekea dirishani. "Nipishe," alisema. "Nenda kwanza."

Siku tatu Bi Sindano alishona pindo zikaenda upande. Siku ya nne binti wa Profesa alisimama mlangoni pa kibanda, amenuna. "Baba anakuita. Mkono wake hauandiki tena. Amesema uje na kalamu."

Profesa hakumsalimu. Alianza moja kwa moja: "Andika. Kutokana na kosa la uchimbaji..."

"Si kosa," Bi Sindano alimkatiza. "Naandika 'uongo'. Ni wangu, usinisitiri."

"Basi andika na uzembe wangu. Mwanafunzi angeniletea ushanga ule, ningemdai picha, ningemdai vipimo. Wewe sikukudai chochote, kwa kuwa nilitaka iwe kweli."

Bi Sindano aliandika yote mawili. Machozi yalidondokea karatasi, ikabidi anakili upya.

Masahihisho yalichapwa kwenye jarida la chuo, ukurasa mmoja na nusu. Wako waliocheka. Mtaalamu mmoja, aliyempinga Profesa miaka yote ile, alimpigia simu; walizungumza mpaka chai ikapoa. Toleo jipya halikutoka. Naye mkuu mpya wa uchimbaji alimwandikia Bi Sindano barua ya adabu kwamba asifike tena mashimoni.

"Ni haki yao," alimwambia binti wa Profesa, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kumwita shangazi.

Bi Sindano akawa anakwenda kumsomea mzee gazeti. Walibishana siasa na mpira, na Profesa hakupenda kushindwa. Alifariki mvua zilipoanza, na binti yake alimpigia simu Bi Sindano kabla ya kuwaarifu watu wa chuo.