Nukta Nyekundu

Mama yake Gopal alikuwa ameanza kuwa kiziwi. Sauti nyembamba zilikuwa zimemkimbia zote: ndege, kengele ya mlango, hata wajukuu wakimwita. Kilichobaki ni mshindo. Lori likipita barabarani, bibi huyo, jina lake Shakuntala, aliweka kiganja kwenye mkono wa kiti na kusema, "Hilo limebeba ngano."

Kwa sababu hiyo Gopal, muuza vitambaa wa Nakuru, alitaka besi, ile sauti nzito ya chini. Mwaka huo wa 1974 alikuwa amegeuza stoo ya nyumbani kuwa chumba cha sinema. Alipaka ukuta mmoja chokaa nyeupe, akanunua projekta, akapanga viti, na cha mama yake kikawa katikati kabisa. Kila Jumamosi saa kumi jirani na jamaa walikuja kutazama filamu. Lakini spika ndogo ya projekta ilikuwa ikilia kama nyuki ndani ya kopo.

"Mimi nataka ngoma ipige mpaka Ba, mama yangu, asikie kwa mifupa," Gopal alimwambia Kiptanui. "Wewe ndiye fundi. Sema ninunue nini."

Kiptanui alikuwa ametengeneza redio mjini kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka arobaini na tatu, na mwaka huo ndio kwanza ameanza masomo ya ngumbaru, darasa la watu wazima. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alibeba daftari kwenda ukumbini, na watu walimtania njiani.

"Mzee, unasomea uchungaji?"

"Nasomea umeme," alijibu. "Nimeushika maisha yangu yote, sasa nataka kuujua."

Alimshauri Gopal anunue spika mbili kubwa za inchi kumi na tano, maana chumba kilikuwa kirefu na spika moja ingechoka. Na spika kubwa bila sanduku ni kazi bure. Upepo wa nyuma unaua upepo wa mbele. Kwa masanduku alimtaja Owino, seremala wa Bondeni, rafiki yake wa miaka mingi.

Owino alifanya kazi ya kuonyesha watu. Alitumia mbao nene, akaziunga kwa gundi mara mbili, akapiga skrubu kila inchi tatu. Ndani alitandika sufu ya kondoo aliyoagiza kutoka Mau Narok ili sanduku lisilie lenyewe. Alipomaliza aligonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akamchekea Kiptanui aliyekuwa akitazama. "Omera, ndugu yangu, sikiliza. Hili hata maji ukijaza halitoi tone."

Jumamosi ya kufunga vyombo, Kiptanui alitumia ujanja ambao mafundi wa zamani walimfundisha. Waliliinua sanduku la kwanza, yeye na Owino, wakaliweka juu ya kiti cha mama. Akapiga sahani ya santuri yenye ngoma tupu. Kisha akapiga magoti, akatambaa kuzunguka chumba, sikio karibu na sakafu, akipitia ukuta hadi ukuta. Pahali besi inapojaa vizuri sikioni mwa anayetambaa, hapo ndipo pa kuweka sanduku, na anayeketi kitini ataisikia vivyo hivyo.

"Fundi, unaswali kama jirani zangu Waislamu?" Gopal aliuliza kutoka mlangoni.

"Natafuta pahali, mzee."

Pembeni kabisa mwa ukuta besi ilivimba mpaka ikanguruma ovyo. Katikati ya ukuta ilikuwa nyembamba. Hatua mbili kutoka pembe, kushoto na kulia kwa usawa, ilikuwa nzito na safi. Akatia alama kwa chaki. Wakateremsha sanduku la kwanza kwenye alama ya kushoto, akaliunganisha, na mama Shakuntala akaitwa kuketi. Ngoma ilipopiga, bibi aliweka viganja kwenye mikono ya kiti na macho yake yakafunguka.

"Bado la pili, Ba," Gopal alisema kwa fahari. "Ngoja uone."

Wageni walikuwa wameshaanza kuingia. Kiptanui akaharakisha. Nyuma ya kila spika kulikuwa na vishikizo viwili vya waya, na kando ya kimoja kiwandani walikuwa wametia nukta nyekundu. Hakuijali. Katika redio spika ni moja, ukigeuza waya huku au kule inalia vilevile. Miaka kumi na tisa alikuwa amefanya hivyo. Akafunga waya, akawasha.

Besi ikatoweka.

Haikupungua, ilitoweka. Masanduku mawili yakatoa kidogo kuliko moja. Mama Shakuntala akageuza viganja, akavitazama kama mtu aliyeangusha kitu. Kiptanui akasogeza sanduku la pili mbele, akalirudisha nyuma, akalipeleka pembeni. Aliposimama kando ya mlango aliisikia besi kidogo, lakini kitini hakuna.

Wageni ishirini walikuwa wakimtazama. Alijua la kufanya: azime sanduku la kwanza, asikilize la pili peke yake. Dakika mbili tu. Lakini akiona ni zima, atawaambia nini watu hawa? Mdomo wake ukafunguka kabla ya mikono.

"Hili la pili linavuja, mzee. Linanyonya upepo wa lile lingine. Ni kazi ya mbao."

Gopal akamgeukia Owino mbele ya watu wote. "Nilikupa mbao nzuri. Umeniibia gundi?"

"Nililiziba mara mbili," Owino alisema. Hakuwa anamwambia Gopal. Alikuwa anamtazama Kiptanui. "Omera, waambie. Ulikuwepo."

Kiptanui akaangalia ukuta.

Gopal alikuwa amemwahidi Owino kazi ya milango na rafu zote za duka jipya. Siku hiyo aliifuta kwa neno moja. Wageni wake walikuwa wenye maduka, na baada ya juma moja hapakuwa na duka mjini ambalo lingemwita Owino hata kutengeneza stuli. Mwezi haukuisha kabla hajafunga karakana ya Bondeni na kwenda Salgaa kupiga mabenchi ya mahoteli ya madereva.

Kiptanui alijiambia kwamba pengine lilivuja kweli.

Alhamisi moja jioni, ukumbini, mwalimu Kipketer alileta spika mbili ndogo na betri moja. Akagusa waya, spika zote mbili zikasukuma karatasi zao mbele. Akageuza waya wa moja, akagusa tena. Moja ilisukuma mbele, nyingine ikavuta nyuma.

"Mnaona? Huyu anasukuma upepo, mwenzake anaumeza. Ndiyo maana kiwandani wanatia nukta nyekundu. Nukta ifuate nukta."

Kiptanui akainua mkono. "Mwalimu, na mtu akikosea?"

"Sauti nyembamba hutaona tofauti kubwa. Nzito ndiyo inakufa. Na inakufa zaidi kwa yule aliyeketi katikati. Akiwa kando ataisikia kidogo." Mwalimu akatabasamu. "Swali zuri, mzee. Umekutana na jambo hili?"

"Hapana," Kiptanui alisema. Sasa ulikuwa uongo wa pili.

Nyumbani alipiga magoti, asipate neno. Alizoea kuomba kwa kirefu, akitaja wagonjwa, mvua na watoto wa shule. Jioni hiyo kila alipofumba macho aliona viganja vya mama Shakuntala vimegeuzwa juu. Mkewe, Chelangat, akamwuliza, "Mbona leo Mungu umempa likizo?"

Asubuhi alikwenda kwa Gopal. Njiani alikuwa amepanga maneno yote ya kuungama. Akakuta sanduku la pili liko barazani, juu yake limewekewa vyungu vya maua.

"Mzee, naomba nilijaribu tena," alisema, na hayo ndiyo tu yaliyotoka.

Wakalirudisha kwenye alama ya chaki. Akageuza waya, nukta kwa nukta, akawasha. Ngoma ikajaa chumba kama mtu mnene aliyeingia kwa kishindo. Mama Shakuntala alicheka kwa sauti, akipiga mkono wa kiti.

"Aree, Kiptanui!" Gopal alimshika mabega. "Umetengeneza alichoharibu yule mtu! Jumamosi nitawaambia wote."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno moja tu. Kiptanui akafunga kisanduku chake cha vyombo, akasema, "Tunashukuru Mungu." Alipofika barabarani ndipo alipotambua kwamba alikuwa amelichukua jina la Mungu kufunikia waya.

Siku saba hakuweza kuomba. Jumapili walimwita atoe sala kanisani, akasema koo linamuuma. Jumamosi asubuhi alipanda juu ya magunia kwenye lori hadi Salgaa.

Owino alikuwa nyuma ya hoteli, misumari mdomoni, akiunga benchi la mbao mbichi. Hakuinuka.

"Sanduku lako halikuvuja," Kiptanui alisema.

Owino akapigilia msumari mpaka ukazama. Akatoa mingine mdomoni. "Najua."

"Ulijua?"

"Nililiziba mimi. Nani mwingine angejua?"

"Ni waya. Niligeuza waya wangu mwenyewe, na sikulisikiliza sanduku lako peke yake. Niliogopa kukuta ni zima." Akaokota msumari ulioanguka. "Halafu wiki jana nikarekebisha kimya kimya, wakanisifu. Nimekuja twende ukasikie nikiwaambia."

"Niende kusikia nikiitwa mwizi wa gundi mara ya pili?"

"Niite mimi chochote. Lakini twende."

Owino akaweka nyundo chini, akajipangusa vumbi la mbao.

Saa kumi chumba kilikuwa kimejaa watu walewale. Gopal alipomwona Owino mlangoni akakunja uso, lakini Kiptanui alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta mweupe, bisibisi mkononi.

"Miezi miwili iliyopita niliwaambia sanduku hili linavuja. Nilisema uongo. Sikuwa nimelipima." Akawasha ngoma, akainama nyuma ya sanduku, akageuza waya. Ngoma ikafa. Mama Shakuntala akavitazama viganja vyake. Akageuza tena, ngoma ikarudi. "Sanduku ni lilelile. Hakuna ubao ulioguswa. Kosa lote ni la mkono huu. Na wiki jana mlinisifu kwa kurekebisha kazi ya Owino, nikanyamaza. Huo ni uongo mwingine."

Gopal akainuka kitini polepole, akaenda kwenye sanduku, akaligonga ubavuni kama Owino alivyoligonga siku ya kwanza.

"Mimi pia nilisema neno baya mbele ya hawa," akamwambia Owino. "Nalirudisha mbele ya hawa. Milango na rafu ni zako. Kesho njoo tupime."

"Kesho siwezi, mzee. Nina mabenchi sita Salgaa, nimeahidi."

"Jumatatu ijayo basi."

"Hiyo sawa."

Gopal akamgeukia Kiptanui. Alifikiri kidogo. "Wewe, vyombo vyangu usiviguse tena mpaka nikuite."

"Ni haki, mzee."

Walitoka pamoja, Kiptanui na Owino, mpaka mahali malori yanaposimama kuelekea Salgaa. Nyuma yao ngoma ya filamu ilisikika hata kupitia ukuta.

"Umenisamehe?" Kiptanui aliuliza hatimaye.

"Umesema mbele yao. Hilo nimelipokea. La kusamehe bado sijalifikia." Owino akatema mate kando. "Mwezi mzima watoto wangu wamekula kwa mabenchi, omera."

Lori likaja, likasimama. Kiptanui akauliza kama Owino angehitaji mtu wa kumshikia ubao upande wa pili, kwa hayo mabenchi sita.

Owino, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya gurudumu, akaitazama ile mikono ya fundi wa redio.

"Unajua kupiga randa?"

"Sijui."

"Basi usiguse randa," Owino alisema. "Utashika tu. Panda."