Kiti Kilichonata

Anjela alifika Soweto, mtaa wa Mbeya, Jumatatu saa nne asubuhi, akakataa chai, akakataa hata kuvua koti, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba yake na kukibonyeza kwa kidole. Kidole kikanata. Akakivuta polepole ili wifi yake asikie ngozi inavyoachia, kisha akakinusa.

"Mafuta ya kula," alisema.

"Ya parachichi," alijibu Tupokigwe. "Mama yangu anakamua mwenyewe kule Tukuyu."

"Kwa hiyo kiti cha baba mmekikaanga."

Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alimtazama wifi yake kuanzia viatu hadi kilemba, bila haraka, kisha akarudi jikoni kuosha mchele. Kati ya wanawake hawa wawili salamu zilikuwa zimekwisha tangu msibani.

Kiti chenyewe hakikuwa cha hivi hivi. Kilikuwa kipana, cha ngozi halisi ya rangi ya kahawia, na Mzee Timotheo alizawadiwa siku anastaafu kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Nyumbani Igowole kilikaa sebuleni kimefunikwa kitambaa cheupe, na mtoto aliyekigusa alichapwa. Anjela alichapwa mara mbili, na mpaka leo alizikumbuka zile fimbo kama mtu anavyokumbuka mahali alipoficha hati ya kiwanja. Mzee alipopigwa na kiharusi upande wa kulia, mwanawe Ezron alimhamishia kwake Mbeya awe karibu na hospitali, na kiti kikaja naye juu ya Fuso. Alikikalia miaka minne. Agosti iliyopita akafariki, akazikwa kwao Igowole.

Kabla hajafa alimwambia mdogo wake, Saulo, kwa ulimi wake mzito: kiti changu apewe atakayekitunza. Hakutaja jina. Sasa Jumamosi hii Saulo alikuwa anakuja Mbeya kukaa na ndugu na kugawa vitu vya marehemu. Vilikuwa Biblia, koti la mvua, saa ya mkononi na kiti. Vile vitatu vya kwanza hakuna aliyevigombea.

Anjela alikitaka kiti, na sababu yake tuiseme wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakuisema popote. Siku ya mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu mkwe, Tupokigwe. Mchungaji alimsifu, majirani walimsifu, hata shangazi Evarista, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, alisema yule Mnyakyusa ametufundisha. Binti wa marehemu alikaa mstari wa mbele na hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Wivu ulimkaba pale pale makaburini na haukumwachia hadi leo. Ni kweli kwamba katika miaka minne alikuja Mbeya mara tatu tu. Alikuwa na duka pale Iringa, alikuwa na watoto wa mitihani, alikuwa na mgongo usiopenda basi. Sababu zilikuwa za kweli, na zilikuwa nyingi kuliko zilizohitajika.

Kwa hiyo alikuja siku tano kabla ya kikao, na mfuko wa vifaa. Kiti kile kichafu kingekuwa shahidi wake. Angekifanya kiwe kipya, kisha angewaacha watu wajiulize wenyewe nani amekitunza na nani amekiharibu.

"Utakuwa unafanyia wapi?" aliuliza Tupokigwe wakati wa chakula.

"Barazani. Kwenye kivuli. Ngozi haipendi jua. Wala haipendi jiko la mkaa kando yake, ingawa naona hapa mlikuwa mnaliweka karibu."

"Mwezi wa sita Mbeya, mzee wa miaka sabini na tisa. Tungeweka wapi, wifi? Chooni?"

Ezron alikohoa. Alikuwa mtu mpole, fundi wa pampu za maji, na ugomvi wa wanawake hawa ulimfanya ale haraka. Alimaliza wali, akanawa, akakumbuka kazi fulani.

Jumanne Anjela alianza. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuogeshea watoto, fulana kuukuu iliyokatwa vipande. Alilowesha, akakamua, akafuta kwa duara dogo dogo kama alivyojifunza kwenye video za simu. Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi, kisha rangi ya chai iliyochacha. Kila alipobadilisha ndoo aliyamwaga mbele ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu anayepika hawezi kuacha kuyaona.

"Hiyo ni ya miaka minne," alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu.

Tupokigwe alitoka na dekio, akadeki, akarudi ndani.

Jumatano ilikuwa siku ya spiriti. Uchafu ulikuwa umetoka lakini mnato ulibaki, maana mafuta na joto vilikuwa vimeilainisha ile ngozi ya juu kabisa, ile inayong'aa, ikawa kama utando wa uji. Anjela alichovya pamba akaanza kuing'oa. Alianza na mkono wa kushoto wa kiti. Hapo ngozi ilikuwa imechimbwa vijistari vidogo vidogo, na hakuhitaji kuambiwa ni vya nani, kwa kuwa mkono wa kushoto ndio uliobaki mzima kwa baba yake na alikuwa na tabia ya kukwangua kucha akiwaza. Alivipapasa vile vistari kidogo. Halafu akapitisha pamba.

Akahamia kwenye egemeo la nyuma. Pale kichwa kilipokaa palikuwa na duara linalonata, jambo la kawaida kwa kiti chochote. Lakini duara halikuwa peke yake. Kutoka pembe ya kulia ya egemeo, utepe mrefu wa kunata ulikatiza kupita pale juu ya shingo hadi upande wa pili, mpana kama kiganja, mzito kuliko sehemu nyingine zote. Kichwa cha mtu hakifanyi alama ya namna ile. Anjela aliudhika nao. Aliinama ausugue, mgongo ukagoma, basi akakaa juu ya mkono wa kulia wa kiti apate kufika vizuri.

Akazama. Mbao ya ule mkono ilikuwa imelegea na sponji limekufa, pamekuwa na shimo, na shimo lilimpokea nyonga yake kana kwamba lilimngoja. Alikuwa ameliona tangu Jumatatu, akalihesabia watoto wa wifi na michezo yao. Sasa alikuwa amelikalia, amegeukia pale ambapo baba angekuwepo, na mkono wake wa kushoto, uliotafuta pa kujishikiza asianguke, ukalala juu ya egemeo.

Ukalala juu ya ule utepe. Kiwiko kilipata mahali pake, mkono ukapata mahali pake, kiganja kikaishia pale pale utepe ulipoishia, mahali pa kukizuia kichwa cha mzee kisidondoke. Mkono wa kulia ulibaki huru, tayari kwa kijiko.

Anjela hakuwa mjinga. Kiti hakinati namna ile kwa sababu ya uchafu. Kilinata kwa sababu kila siku kwa miaka minne mtu alikaa pale na mikono yenye mafuta, akamkanda mzee shingo na bega, akamshika kichwa, akamlisha. Mara tatu alizokuja, yeye Anjela alikaa kwenye stuli ng'ambo ya meza, akauliza baba anaendeleaje, akajibiwa na wifi.

Aliinua macho. Tupokigwe alikuwa mlangoni anamenya viazi, kisu kimesimama mkononi. Walitazamana.

Hapo ndipo angeweza kuacha. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu, na yale maneno ya msibani yalikuwa bado yanamuuma, na kuna watu ambao wakigundua wamekosea hukasirika zaidi. Anjela alishuka kwenye ule mkono, akafungua mfuko, akatoa msasa laini. Akasugua egemeo lote kuanzia pembe ya kulia hadi ya kushoto, mpaka vumbi la kahawia likamjaa kwenye kope.

Alhamisi aliziba mipasuko, akajaza sponji jipya juu ya lile shimo. Ijumaa alipaka rangi aliyonunua kwa fundi viatu, akirudia mara tatu kwa kipande cha godoro, akaacha ikauke, akamalizia kwa nta. Kazi, tuseme haki, ilikuwa nzuri sana.

Saulo alikuja Jumamosi na basi la asubuhi. "Kamwene," aliwasalimu wote kwa pamoja, kisha akakiona kiti na hakuwaona watu tena. Alikizunguka. Alikigonga. Alikikalia akajirusharusha kama anayejaribu godoro dukani.

"Hii kiti sasa ndo kiti," alisema. "Kaka angeiona hii angefufuka akae. Nani amefanya?"

"Wifi Anjela," alisema Tupokigwe, kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

"Basi mimi sina maneno mengi. Marehemu alisema apewe atakayekitunza. Macho si mnayo?" Akamgeukia mkwe. "Mama, una neno?"

Ezron alimtazama mkewe. Alikuwa anamwomba aseme, na kila mtu chumbani aliona kwamba anamwomba.

"Sina, baba mdogo. Aliyekisugua ameonekana."

Watu wakapiga makofi. Shangazi Evarista alisema kumbe binti naye yumo. Anjela alikuwa amelisubiri neno hilo miezi kumi. Liliingia sikioni likapita, kwa sababu alikuwa anamtazama Tupokigwe, na Tupokigwe alikuwa anakusanya vikombe.

Gari la kwenda Iringa lilikuja mchana. Vijana walipokuwa wanakipakia kiti, Tupokigwe alitoka na kitenge kuukuu, akapanda mwenyewe nyuma ya gari, akakifunga kiti vizuri ili kamba zisichubue rangi. Alifunga kama mtu aliyezoea kumfunika mgonjwa, akipenyeza ncha chini. Alipomaliza alishuka, akajipangusa mikono, akamsogelea wifi yake karibu sana.

"Jumatano nilikuona," alisema taratibu. "Ulipima mkono wako pale juu. Ukaenea. Halafu ukachukua msasa."

Anjela alifungua mdomo.

"Usiseme," alisema Tupokigwe. "Mimi sikutaka kupewa kiti. Nilitaka kibaki vile. Tangu Agosti, kila asubuhi kabla hawajaamka, nilikuwa nakaa pale mkononi, naegemeza mkono wangu pale pale. Ananata, mzee wangu. Nikiutoa mkono ni kama ananizuia. Sasa nenda nacho. Safari njema, wifi."

Akaingia ndani akafunga mlango bila kuubamiza.

Iringa kiti kiliwekwa dirishani. Wiki ya pili zamu ya kupokea sala ya jumuiya ikafika kwa Anjela, na wanawake wote wakakishangaa. Jirani yake Verediana alipitisha kiganja kwenye egemeo, kushoto kwenda kulia.

"Umekiweza," alisema. "Utadhani hakijawahi kukaliwa na mtu."

Anjela alisema asante. Aliwasindikiza wageni hadi getini, akarudi, akasimama mbele ya kiti muda mrefu. Kisha akakaa juu ya ule mkono wa kulia. Sponji jipya lilikuwa gumu, likamkataa. Akageuka upande aliokuwa akikaa baba yake na kulaza mkono wa kushoto juu ya egemeo, palepale. Ukateleza. Akaurudisha, ukateleza tena.