Dabo ya Mama Dorine

Asubuhi ile, chai hata haijachemka, Janeffer alimwambia mumewe kwa ulimi wake mzito wa siku hizi: "Baba Dorine, leo ukinibebea tena, mimi na karata basi."

Johana akajifanya anatafuta sukari. Kosa lake alilijua vizuri. Tangu mkewe apatwe na kiharusi akalazwa katika hospitali ya Longisa, kila Jumamosi walipocheza briji katika klabu ya wafanyakazi wa shamba la chai, hakumwachia uamuzi wowote. Mambo yakianza kuwa magumu, yeye alipandisha dau haraka akafunga mjadala. Aliogopa. Mama huyu akikosea, si atadhani kichwa chake kimekwisha? Basi wakawa wanashindwa kwa adabu, bila kulaumiana. Na kulaumiana ndiko kulikuwa raha yao! Zamani walifika mpaka mlangoni wakibishania karata moja, majirani wakidhani ni ugomvi wa mpaka.

Mchana mvua ilipiga mabati ya klabu, nao wakaketi na Ogoti, fundi mstaafu wa kiwanda, na mkewe Nyamusi. Kwenye briji mtu hukaa akitazamana na mwenzake, na kabla ya kucheza kila upande huahidi utashinda raundi ngapi kati ya kumi na tatu; sita za kwanza hazitajwi, hivyo anayesema tano ameahidi kumi na moja. Anayeahidi zaidi ndiye huchagua aina ya karata itakayotawala, iwe shupaza, kopa, uru au pau. Johana akataja shupaza, Ogoti akataja kopa, wakapandishana kama wanunuzi wa ng'ombe pale Siongiroi.

"Shupaza nne," akasema Johana.

Ogoti akapita, Janeffer akapita.

"Kopa tano," akasema Nyamusi, akitabasamu.

Zamu ikamrudia Johana. Apande shupaza tano? Au awaachie kopa zao na kusema dabo, ili wakishindwa waumie maradufu, na wakiweza wafaidi maradufu? Alitazama karata zake, na kwa kweli hakujua. Mapatano yao ya tangu zamani yalikuwa wazi: pakifika hapo, asiyejua apite, na mwenzake hana ruhusa ya kupita. Lazima achague. Shupaza tano zilikuwa zimeshamfika kwenye ncha ya ulimi.

"Napita," akasema.

Ogoti aliinua macho kwa mshangao, naye akapita. Janeffer akabaki peke yake na mzigo. Karata zake zilisimama kwenye kibao chenye mfereji, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa bado haujapona. Alizitazama kwa muda mrefu. Johana alikodolea macho kitambaa cha meza, maana hapo hata kukunja uso ni wizi. Jinsi alivyompenda saa ile, na jinsi alivyotamani kumsaidia!

"Dabo," akasema Janeffer.

Wakacheza. Ogoti aliburuta mchezo kama anayefungua injini, na mwishoni akaipata raundi ya kumi na moja, ile aliyokuwa akiihitaji, kwa kakarata kadogo ka uru. Nyamusi akapiga makofi.

"Mama Dorine!" Johana akafoka. "Dabo gani hiyo? Si ungepanda tu!"

Papo hapo akaziba mdomo. Tangu hospitalini hakuwahi kumpandishia sauti. Janeffer alimtazama, machozi yakimlenga, lakini mdomo ulikuwa unacheka, upande mmoja ukitangulia mwingine.

"Na wewe," akasema polepole, "ile malkia ya uru... ulitupa ya nini? Ungeishika, Ogoti alikuwa amekwisha."

Ogoti akacheka, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli. Mama huyu alikuwa amefuata kila karata iliyoanguka mezani, na aliyepotea njia ni mumewe.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," Johana akasema kwa sauti ya chini.

Janeffer akazikusanya karata kwa mkono wake mzima, akamsogezea Nyamusi agawe.

"Mimi utaniangalia nyumbani," akasema. "Hapa angalia karata."