Waya wa Donato

Jioni ya siku aliyokufa Donato, redio yake ilikuwa bado inawaka jikoni. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Saa moja kamili sauti ya kike ikamwita kwa jina lake la hewani, mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoizoea. Incoronata, mkewe, alikuwa akimfunga marehemu taya kwa kitambaa. Akainuka, akaizima bila kujibu.

Alimjua. Ersilia, wa kule Taranto. Kwa miaka tisa Donato aliongea naye kila jioni, habari za mvua, za nyanya, za goti linalouma. Akija mezani, hana la kusema.

"Ni sauti tu, mke wangu. Hata uso wake siujui," Donato alikuwa akimwambia.

Hilo ndilo lililomchoma Incoronata. Uso angeweza kushindana nao.

Matanga yalipokwisha alishusha waya wa antena kutoka paani, akaufunga kati ya mtini na banda, akaanikia nguo. Redio akaisukumia kabatini, chini ya mablanketi.

Miezi minane baadaye ardhi ikatikisika. Kanisa likaanguka, nguzo za simu zikalala, daraja likakatika. Asubuhi ya pili madaktari walifika kwa miguu, bila njia yoyote ya kuongea na watu wa ng'ambo ya mlima. Majeruhi kumi na mmoja wasingeiona jioni bila damu.

"Hapa si kulikuwa na mtu wa redio?" akauliza daktari Marchetti.

"Alikuwepo," akajibu Vito, jirani. "Antena yake ile pale, imevaa chupi."

"Funga bakuli, Vito. Mimi angalau nafua," akamkata Incoronata.

Hata hivyo aliziangua nguo mwenyewe, zikiwa mbichi. Vito akaurudisha waya juu, wakaunganisha redio na betri ya trekta. Daktari akazungusha kitufe huku na huku. Mikwaruzo mitupu. Incoronata alikuwa anaijua alama ambayo Donato aliiweka kwenye masafa ya Ersilia: tone la rangi ya kucha ya Incoronata mwenyewe, ile aliyoitafuta wiki nzima. Akamwacha daktari aendelee kuzungusha. Kisha akamwona mtoto wa Vito amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, midomo myeupe.

"Pale penye wekundu," akasema, akachukua kipaza sauti, akaita kwa jina la Donato.

"Donato!" Sauti ilirukia papo hapo. "Mzee mkaidi we! Nakuita kila siku!"

"Donato amekufa. Tangu Machi. Mimi ni mkewe."

Kilio kikaanza upande wa pili. Hata hicho kilio Incoronata alikionea wivu. Yeye hakuwahi kulia hivyo mbele ya mtu.

"Utalia baadaye, mama. Sasa andika. Damu, mifuko ishirini."

Helikopta ilitua saa tisa mchana. Tisa kati ya wale kumi na mmoja walipona, mtoto wa Vito akiwa mmojawapo.

Simu hazijarudi. Kila jioni saa moja Incoronata husoma orodha ya mahitaji ya madaktari, na Ersilia huiandika. Nguo anaanika kwenye uzio.